Mrejesho: Sakafu ya mbao juu ya mabomba ya maji moto

Niliuliza iwapo mbao zinaweza kuwekwa juu ya mfumo wa kupasha joto sakafu, yaani mabomba ya maji moto yaliyo chini yake, bila kupinda, na kwa kuwa mlinijibu kwa moyo, ni haki yenu kujua tulipofikia. Tuliacha mbao nzima zisizo na tabaka, tukachagua mbao za tabaka za mwaloni zenye unene wa milimita 14, ambazo tabaka zake zimepishanishwa na hivyo hazitanuki wala kusinyaa sana unyevu unapobadilika. Fundi alizigandisha kwa gundi moja kwa moja kwenye saruji, kwa sababu nafasi ya hewa chini ya mbao huzuia joto kupanda. Lililotuchelewesha, na ambalo naliona kuwa kubwa kuliko yote, ni kusubiri saruji ikauke kabisa: mfumo uliwashwa kabla ya mbao kuwekwa, joto likapandishwa polepole, kisha unyevu ukapimwa. Kihisi cha sakafuni, yaani kifaa kinachopima joto, hakiruhusu uso wa mbao kuzidi nyuzi joto 27. Majira ya baridi yamepita; nyufa nyembamba zilijitokeza kati ya mbao hewa ya ndani ilipokauka, zikajifunga unyevu uliporudi. Zulia zito tumeliondoa, kwani lilikuwa likizuia joto lisipande chumbani.