KAMATI YA KUMUAGA PROFESA

Shangazi Tabata 07:12
Nakumbusha mara ya tatu. Kumuaga kaka anayestaafu ni Jumamosi, uani kwangu. Mchango 50,000. Waliotuma watatu, na mimi nimo.

Shangazi Tabata 09:40
Mnasoma. Tiki za bluu naziona.

Dogo Kimara 10:03
Shangazi, hali tete 😂 Mimi niwe mshereheshaji.

Shangazi Tabata 10:04
Yupo. Nataka wa kuandika wasifu. Mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mwandamizi, profesa mshiriki, mpaka profesa kamili, yote hapo hapo Mlimani. Msiruke hata ngazi moja.

Mama Mkubwa Ubungo 12:31
Muandike na aliyeunguza sufuria yangu ya harusi.

Dogo Kimara 12:31
🍿

Mama Mkubwa Ubungo 12:38
Shemeji akiwa mwanafunzi. Kakaanga maganda ya korosho jikoni kwangu eti yatoe mafuta. Moshi, tunakohoa nyumba nzima, mikono ikambabuka. Sufuria sijalipwa hadi leo.

Kaka Kigamboni 13:20
Mafuta hayo ndiyo yaliyompa uprofesa. Ile asidi inayobabua, ukiipasha moto inatoa hewa ya ukaa, yanabaki mafuta yanayoitwa kadanoli. Wanatengenezea rangi, mpaka breki za magari. Alinieleza kwenye daladala toka Mwenge. Nilikuwa nashuka Morocco, nikajikuta Posta.

Dogo Kimara 13:22
Kumbe breki za daladala ni sufuria ya Mama Mkubwa 😂😂

Shangazi Tabata 13:30
MICHANGO jamani! Mwenye turubai anataka hela kesho.

Baba Mdogo Mbagala 19:55
Nimeona sasa hivi. Mikorosho ya Masasi iliuzwa apate nauli ya kwenda kusoma Ulaya, mimi nikaishia la saba. Leo tena nimchangie 50,000?

Shangazi Tabata 20:02
Mdogo wangu, hayo si ya humu.

Bibi (simu ya mjukuu) 20:41
Bibi kasema niandike kama anavyosema. Mikorosho niliuza mimi, dole gumba ni langu. Anayedai aje anidai mimi, asubuhi nakuwa barazani. Na huyo mnayemuaga, nani kamuuliza? Jana kakaa hapa mpaka magharibi ananimenyea korosho, sherehe hakuitaja. Kasema Jumatatu anarudi maabara, kuna mwanafunzi hajamaliza.

Mama Mkubwa Ubungo 21:15
Shikamoo mama.

Dogo Kimara 21:16
Shikamoo bibi.

Baba Mdogo Mbagala 21:44
Shikamoo mama. Nimesikia.

Shangazi Tabata 21:50
Nitamuuliza mama. Ila turubai nishatanguliza nusu.

Kaka Kigamboni 23:07
Ni Jumamosi hii au ya mwisho wa mwezi?