Mama alinusurika enzi za Amin, lakini mpaka leo anaishi kama wanakuja kumchukua. Naomba ushauri

BintiKirumba

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri, hasa kwa wenye wazazi walioishi Uganda miaka ya sabini, au ninyi wenyewe mliokuwepo.

Mama yangu ni Mwacholi, kabila la kaskazini mwa Uganda, wa upande wa Kitgum. Alikuwa karani wa kupiga taipu kwenye ofisi ya serikali Kampala. Februari 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa, Waacholi na Walango walizolewa makazini na majumbani. Kaka yake mama, mjomba wangu wa pekee, alichukuliwa mchana kweupe mbele ya wafanyakazi wenzake. Hakuonekana tena. Baadaye mama alivuka Busia usiku kuingia Kenya, na miaka iliyofuata akaolewa huku Mwanza. Hayo ndiyo ninayoyajua, na niliyapata kwa marehemu baba. Mama mwenyewe hajawahi kunisimulia.

Tangu tukiwa wadogo nyumba yetu ina sheria zake. Taarifa ya habari inasikilizwa kwa sauti ya chini. Gari likisimama nje usiku, mama anazima taa na kukaa pembeni ya dirisha mpaka liondoke. Sukari, chumvi na sabuni hazikai jikoni, zinakaa sandukuni chini ya khanga. Hapendi jina lake liandikwe popote, hata kwenye daftari la kikundi cha akina mama kanisani. Picha ya mjomba hatuna hata moja.

Sasa ukoo kule Kitgum wanataka kumfanyia mjomba msiba na kuondoa tanga. Wanahitaji kauli ya mama kwa sababu ndiye dada pekee aliyebaki. Kila wakipiga simu anawajibu, "Mmeuona mwili?" kisha ananirudishia simu.

Nimuulizeje bila kumuumiza? Je, kuna mahali naweza kutafuta habari za mjomba? Au nimwache kama alivyo? Umri umekwenda na naogopa ataondoka na haya yote moyoni.

Mwalimu_Jinja

Pole sana dada yangu. Nafundisha historia, na wazazi wangu waliishi Jinja miaka yote minane, kuanzia mapinduzi ya 25 Januari 1971 mpaka Kampala ilipokombolewa 11 Aprili 1979. Nikuambie jambo moja kwanza: kila sheria ya nyumba yenu ilikuwa na sababu yake.

Anza na sukari. Agosti 1972 Amin aliwapa Wahindi siku 90 waondoke. Maduka na viwanda vikagawiwa wanajeshi na watu wao, wale waliokuja kuitwa mafuta mingi. Waliuza kilichokuwemo na baada ya hapo rafu zikabaki tupu. Sukari, chumvi, sabuni na mafuta ya kula vikawa vitu vya magendo. Halafu mwaka 1975 ikatoka amri ya kuunda mahakama za kijeshi za makosa ya uchumi, na adhabu ilifika hadi kupigwa risasi. Kwa hiyo kilo chache za sukari jikoni zilimfanya mgeni aulize umezipata wapi, na kwa kuuliza tu mtu angeweza kupotea. Mama yako hafichi sukari kwa uchoyo.

Jina ni hivyo hivyo. Watu walichukuliwa kwa majina yao tu, maana kule Uganda jina la mtu linasema kabila lake. Wanajeshi wa Kiacholi na Kilango waliuawa kambini tangu mwaka 1971, na 1977 ikawa zamu ya raia. Karani wa taipu aliona orodha zikipita mezani. Nani anajua aliona majina gani.

Na giza. Wale wa State Research Bureau, idara ya ujasusi ya Amin, walitumia magari yenye namba zilizoanza na UVS. Walivaa miwani myeusi na mashati ya maua, na waliyemtaka walimtia kwenye buti ya gari. Watu walijizoesha kufika nyumbani jua halijazama. Wengine walilala migombani. Kijijini walisikiliza redio za nje wakiwa wamejifunika blanketi. Mwenye saa nzuri aliivua, mwenye gari zuri alilificha chini ya nyasi, na mwenye mke au binti mzuri alihofu zaidi ya wote, kwa sababu ofisa akimpenda mwanamke wako, wewe ndiye uliyekuwa kikwazo. Kwenye vizuizi vya barabarani wanajeshi walizungumza Kiswahili, na aliyeshindwa kujibu kwa Kiswahili alipata shida mara mbili. Mpaka leo wapo wazee Uganda wanaosikia lugha hii na kusikia bunduki. Mama yako ameishi nayo Mwanza miaka yote hii. Huo ni ujasiri mkubwa, naomba uuone.

Kamanda_Mtaa

Mimi nasema mwache. Mtu amefunga mlango kwa karibu miaka hamsini, wewe unataka kuuvunja ili ukoo upike chakula cha msiba? Wazee wana haki ya kunyamaza.

NesiMstaafu_Kigoma

@Kamanda_Mtaa haki ya kunyamaza anayo, nakubali. Lakini sikiliza, hajanyamaza. Kuzima taa ni kusema. Kuficha sabuni ni kusema. Ni sisi tusiosikia.

BintiKirumba, nimefanya kazi na wakimbizi wa Burundi huku Kigoma, na nakuambia niliyoyaona yakisaidia. Usimkalishe mezani mkatazamana, maana mtu aliyewahi kuhojiwa anaijua hiyo meza. Kaeni upande mmoja mkichambua mchele au mboga. Usimrekodi kwa simu wala usiandike mbele yake. Usimuulize usiku, na asiwepo mgeni hata awe mchungaji. Usianze na mjomba. Anza na maisha: foleni za sukari zilikuwaje, mlipika nini, viatu mlinunua wapi, ofisini mlikula nini mchana. Ukimuuliza habari za damu atafunga mdomo. Ukimuuliza foleni, mjomba mwenyewe ataingia kwenye simulizi, kwa sababu alikuwa kwenye hiyo foleni pamoja naye.

Akinyamaza, mnyamazie. Akibadilisha mada, mfuate kwenye mada hiyo. Na ukiona halali usingizi, hali chakula, au anaanza kuona watu ambao hawapo, mpeleke hospitali kubwa kwa daktari wa magonjwa ya akili, usisubiri. Hiyo haina aibu yoyote.

Kuhusu "mmeuona mwili?", usimjibu kwamba mjomba amekufa. Wewe hukuwepo na yeye anajua hukuwepo.

Mzee_Rwamishenye

Binti yangu, mimi niko Bukoba. Niliingia Kampala na jeshi letu Aprili 1979. Watu walitoka majumbani wanalia na kuimba, wakatuita wakombozi. Kisha tukapelekwa Nakasero, kwenye jengo la hao aliowataja mwalimu. Niliyoyakuta kwenye vyumba vya chini sitayaandika hapa, kwa sababu mama yako anaweza kuusoma uzi huu siku moja. Yalikuwa majalada, viatu na watu. Wachache walikuwa hai.

Nataka ujue neno la mama yako lilitoka wapi. Msitu wa Namanve, nje kidogo ya Kampala, ulikuwa mahali pa kutupa maiti. Wengine walitupwa mto Nile. Na ndugu walitozwa pesa na watekaji wale wale ili waonyeshwe mwili wa mtu wao. Wapo waliolipa na hawakuonyeshwa kitu. Kwa hiyo mtu akimwambia "ndugu yako amekufa", yeye anasikia sauti ya mtu anayetaka pesa. Inawezekana kabisa kuna mtu aliwahi kumwambia hivyo. Muwe na subira naye.

Kalamu_Kla

Kuhusu kumbukumbu, dada. Mwaka 1974 Amin mwenyewe, baada ya kubanwa na dunia, aliunda tume ya kuchunguza waliopotea, chini ya Jaji Mohammed Saied. Ilithibitisha visa 308 vya watu waliopotea, lakini ripoti haikutangazwa, na kwa mwaka wa mjomba wako haikusaidii. Unayoitaka ni tume iliyoundwa mwaka 1986 chini ya Jaji Arthur Oder. Ilichunguza ukatili wa tangu uhuru 1962 hadi Januari 1986, ikasikiliza mashahidi mamia, na ripoti ikatoka 1994. Anza na maktaba ya Makerere, na waulize Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda ushahidi uliotolewa unahifadhiwa wapi. Nenda na jina kamili, ofisi aliyofanya kazi na mwezi aliochukuliwa. Makadirio ya waliouawa enzi zile yanafika watu 300,000, kwa hiyo jiandae kwamba jina lisipokuwemo haimaanishi kwamba hakuwepo.

Kuna jingine. Tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa Uganda, kumbukumbu ya Askofu Luwum, na mahujaji huenda Mucwini alikozikwa. Ni Kitgum, kwa kina mama yako. Serikali ya Amin ilisema askofu na mawaziri wawili, Oryema na Oboth-Ofumbi, walikufa kwa ajali ya gari. Leo uongo huo unakanushwa hadharani, mbele ya umati, rais akiwepo au asiwepo. Kwa mtu aliyekaa kimya miaka yote hiyo, kusikia jambo hilo likisemwa kwa kipaza sauti kunaweza kumfaa kuliko maswali yetu yote.

BintiKirumba

Asanteni sana. Narudisha majibu.

Nilifuata alivyosema Nesi. Tulikuwa tunachambua maharage, nikamuuliza foleni za sukari zilikuwaje Kampala. Akanyamaza, nikaendelea na maharage. Kisha akasema, "Tulikuwa tunapanga mawe kwenye foleni badala ya watu, ili usisimame muda mrefu wakakuona." Baadaye akasema mjomba ndiye aliyekuwa akimpangia jiwe lake kabla ya kwenda kazini. Ni mara yangu ya kwanza kusikia jina la mjomba kinywani mwake. Alilitaja mara mbili.

Sikumuuliza zaidi. Kesho yake yeye mwenyewe aliniambia mjomba alifanya kazi idara gani, akanikataza kuandika. Sijaandika, lakini sijasahau. Habari za tume nitazifuatilia mimi kimyakimya.

Kuhusu msiba, nimewaomba wa Kitgum wasubiri. Mzee mmoja wao alikasirika kidogo, akaelewa. Mucwini nimemgusia tu, akauliza kama siku hizi kuna vizuizi barabarani.

Mzee_Rwamishenye

Mjibu ukweli: polisi wapo njiani, watasimamisha basi. Mueleze kabla hamjaondoka, asishtukizwe. Pitieni Mutukula mchana, msipande basi linalofika mpakani usiku. Yeye akae kiti cha ndani, wewe dirishani. Vitambulisho vyote viwili shika wewe, ongea wewe, na uliza kila askari jina lake kwa heshima ili mama asikie kwamba sasa na wao wanaulizwa. Mkifika Bukoba nijulisheni hapa. Mke wangu atawapokea mpumzike kwetu kabla ya kuvuka.