Tupeane uzoefu: saa ya nani ilikuponza?

Assalam aleikum na hamjambo nyote. Naanza mimi. Mwaka jana tulisoma maulidi kwetu Majengo, nikamwalika mwenzangu wa kazini aliyehamia kutoka Nairobi. Nikamwambia, "Usiku wa Ijumaa, baada ya Isha." Kwetu siku huingia jua likitua, kwa hivyo usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, kwa hesabu yake ni Alhamisi. Tukasoma, tukala, hakuja. Iliniuma. Kesho yake, Isha ishaswaliwa, nasikia hodi: kasimama mlangoni na kanzu mpya, mikunjo ya dukani bado yaonekana kifuani, mkononi kashika pakiti ya tende. Mikeka tushakunja zamani. Mamangu akatandika upya mmoja, akapasha moto biriani iliyobaki. Tangu siku hiyo nikialika mtu nataja na tarehe. Je, nyinyi?

Mtu wa Mashua, Likoni
Mgeni Mjerumani nilimpeleka mwambani saa tatu asubuhi, akataka kesho saa ile ile. Nikamwambia kesho itakuwa karibu saa nne, maana saa ya maji kujaa husogea mbele kama dakika 50 kila siku. Hakuniamini. Saa tatu kamili yuko ufuoni, uso umemkunjamana. Sikubishana. Nilichomeka kijiti mchangani mbele kidogo ya maji, tukakaa kukitazama mpaka kikafunikwa. Akatoa kidaftari akaandika. Siku ya tatu alikuja na hesabu yake mwenyewe, na ilikuwa sawa. Lakini kusi likichafuka hesabu zote zalala, hatutoki.

Baharia Mstaafu
Meli yetu ilitia nanga Yokohama. Kule treni ikichelewa, stesheni hutoa karatasi ya kuthibitisha, ukampe mkubwa wako wa kazi ajue kosa si lako. Nilipewa moja, na ninayo hadi leo. Si kwamba wao wapenda saa kuliko sisi. Kilichonigusa ni kuwa aliyekuchelewesha ndiye anayekubali kosa.

Binti wa Bamburi
Baba, karatasi hiyo ningeihitaji mimi. Nilikuwa na usaili mjini saa mbili asubuhi. Saa kumi na mbili u nusu nishaketi kwenye matatu ya viti 14, tuko 12. Matatu haina saa, ina viti. Makanga anaita, wanaingia wawili, mmoja anashuka akaona nyingine mbele iko karibu kujaa, tukaanza tena kungoja. Nilishika faili la vyeti magotini mpaka jasho la vidole likaacha alama kwenye karatasi. Nikafika saa mbili na robo. Mlinzi akanionyesha orodha: jina langu lishapigwa mstari. Nyuma yangu nikasikia mtu akisema watu wa Pwani hawajali saa. Mimi niliamka saa kumi.