Nimepunguza kula ili nepi isichafuke, mbona ndo imezidi?

tulia_kwanza
Habari zenu wapendwa. Nilipojifungua nilichanika hadi kwenye misuli ya haja kubwa, tangu hapo nikibanwa siwezi kuzuia, navaa nepi za watu wazima. Kwa kuogopa aibu kazini nikaacha kula asubuhi, mboga na matunda nikakata kabisa, maji kidogo sana, nikidhani nikila kidogo kitatoka kidogo, kumbe sasa nakaa siku nne sipati choo halafu ghafla majimaji yanatoka bila hata kuhisi, mara tatu nne kwa siku, ngozi imechubuka kukaa ni shida. Nameza dawa za kufunga tumbo, wapi. Nile nini jamani?

muuguzaji
Pole sana dada. Hizo dawa simamisha kwanza. Siku nne bila choo halafu majimaji, huenda hata sio kuhara, ni choo kigumu kimeziba ndani na majimaji yanapenya pembeni, sasa ukimeza dawa ya kuzuia kuhara unazidi kukaza. Namuuguza mama yangu, ilimtokea hivyohivyo. Daktari akupime kwanza, kama umeziba ufunguliwe ndo uhamie kwenye chakula. Na vipi, unatumia vidonge vya kuongeza damu? Vile vya madini ya chuma vinafunga choo.

magurudumu2
Mi niko kwenye kiti cha magurudumu, nepi kila siku. Asubuhi usiache kula! Chakula kikiingia tumboni utumbo mpana unaamka, na asubuhi ndo unaamka zaidi. Nakula, nakunywa kitu cha moto, dakika 20 au 30 baadaye niko chooni hata kama sijabanwa. Ilichukua wiki kadhaa mwili kuzoea ila sasa siku nyingi nepi iko safi hadi jioni.

Nyuzinyuzi zinazofaa ni zile zinazokuwa kama ute zikilowa, mfano uji wa oti, ndizi mbivu, maharage, zinashika maji kwa hiyo choo kigumu kinalainika na chepesi kinashikana. Pumba za ngano zilinifungulia mno nikaacha. Kwa siku nyuzinyuzi zenyewe (sio uzito wa chakula) ni kama gramu 25 hadi 30, ila panda taratibu na maji ya kutosha, ukirukia utajaa gesi, na gesi kwa sisi tusioweza kubana inatoka na mengine.

nia_njema
Angalia kahawa, mafuta mengi, na pipi au bigijii zisizo na sukari, nyingi zina sorbitoli, kitu cha kutia utamu badala ya sukari, hiyo inaharisha. Andika kwa wiki mbili umekula nini, saa ngapi, choo kikoje. Ngozi osha kwa maji ya uvuguvugu, kausha kwa kugusagusa usisugue, paka krimu ya zinki, na nepi ikichafuka badili hapohapo.

tulia_kwanza
Hivyo vya chuma nameza tangu nijifungue na sijawahi kuambiwa! Kesho naenda kupimwa, nabeba na pakiti zote za dawa nimwonyeshe.

muuguzaji
Beba. Ila vya chuma usiache mwenyewe, mwulize kama atakubadilishia. Na ile misuli iliyochanika mwambie pia, kuna mazoezi ya kuikaza na wengine hushonwa upya.