Gemu ya mtandaoni ya kuzurura na kuangalia mandhari tu: ESO, Guild Wars 2 au LOTRO?

Mzururaji_Pori
Wakuu habari za jioni. Nataka kununua gemu moja ya mtandaoni, zile za ulimwengu wa kubuni wenye mazimwi na wachawi na mapanga, ila mimi sio mtu wa kupigana pigana. Nikitoka kazini nataka niingie, nitembee, nipande mlima nione upande wa pili kuna nini, nikute magofu, nikute mto, basi. Nimechuja nimebaki na tatu, Elder Scrolls Online (ESO), Guild Wars 2 (GW2) na Lord of the Rings Online (LOTRO). Mwisho wa mwezi nanunua. Ipi ina mandhari ya maana? Naomba wajibu waliocheza, sio walioangalia YouTube. Nawasilisha.

Fundi_Mwenge
Mkuu umeuliza tairi gani nzuri halafu hujasema una baiskeli au fuso. Mashine gani? RAM ngapi? Ina GPU yake, yaani kadi ya grafiksi, au ile iliyomo ndani ya prosesa? Diski ni SSD? Intaneti ni faiba au bando? Bajeti je? Bila hayo tutapiga porojo mpaka kesho.

Dada_Pikseli
Wakati anatafuta majibu ngoja nitangulie. Guild Wars 2, wala sijiulizi. Kwanza gemu ya msingi ni bure tangu 2015 na hakuna kulipa kwa mwezi, unanunua nyongeza, yaani ramani na stori mpya, mara moja inakuwa yako. Pili walioitengeneza waliwafikiria wazururaji tangu siku ya kwanza 2012: kila ramani ina sehemu za juu za kutazamia, unapanda mwenyewe, unatafuta njia kwenye miamba na mapaa, ukifika kamera inatoka kwako inazunguka bonde zima inakuonyesha. Na hesabu ya kuimaliza ramani inahesabu hizo sehemu pamoja na maeneo uliyoyagundua, yaani kutembea ndio kazi yenyewe na inakupandisha levo.

Halafu kitu watu hawakisemi, ukifika levo 80 ukarudi Queensdale kule walikoanzia watoto, gemu inakushusha levo uendane na pale. Kwahiyo hakuna ramani inayokufa. Kwenye gemu nyingine ukishakuwa mkubwa nusu ya dunia inabaki pambo.

Bwana_Muscat
Assalam alaykum. Mimi nipo Muscat na naicheza LOTRO miaka mingi sasa. Ndugu yangu kama hutaki kupigana basi hebu usiwasikilize, nenda Shire, nchi ya hobiti, wale watu wafupi. Kule kuna misheni za kupeleka barua na misheni za kupeleka pai, kazi yako ni kupita njia ambayo wale hobiti wenye njaa hawatakuona wakakudai. Hakuna panga. Unavuka madaraja, unapita mashamba, unaona vilima na milango ile ya duara. Ukichoka unaelekea Bree, kisha Lone-lands pamekauka, majani ya rangi ya kahawia, na ule mlima wa Weathertop unauona toka mbali kabla hujaufikia, unaanza kuwa mdogo unakua unakua. Ndio maana ya safari. Kuruka angani hakuna kabisa, ni miguu na farasi. Ukiingia Moria, ile nyongeza ya 2008, wallahi utapotea. Kumbi juu ya kumbi, madaraja, giza, nilikuwa sijui niko tabaka gani.

Na ni bure tangu 2010, halafu 2022 wakafungua tena sehemu kubwa ya ramani za zamani bila malipo.

Dada_Pikseli
Grafiksi za 2007 bro. Majani yamesimama kama kadibodi.

Bwana_Muscat
Majani yamesimama lakini anga lao hakuna mwenye nalo. Dada angalia machweo ya kule kwanza halafu urudi hapa.

Mzee_wa_Azeroth
Nimesoma orodha nikacheka, World of Warcraft imekwenda wapi? Hiyo ndio mama wa yote, 2004 mpaka leo. Unatoka Elwynn kijani kibichi, unavuka unaingia Duskwood giza, miti imekauka, buibui, mpaka muziki unabadilika. Toka 2022 kuna staili ya kuruka na zimwi, unapiga mbizi toka mlimani unapata kasi halafu unapanda tena, hutumii kitufe kimoja tu kama zamani. Mtu anataka kuona dunia apande juu aione yote kwa mkupuo, sio kukanyaga matope na barua za hobiti.

Msafiri_Nai
@Mzee_wa_Azeroth buda hapo umechoma. Kuruka ndio ilimaliza WoW kwa mtu wa mandhari. Mimi nilicheza hiyo kitu miaka mingi na naweza kukuambia siku ilikufa. 2007 wakaleta kuruka kwenye nyongeza ya Outland, sawa, ile dunia ilikuwa vipande vipande vinaelea, iko na maana. 2010 wakaruhusu kwa bara la zamani lote. Toka hapo hakuna mtu aliona msitu tena, unapaa, unashuka juu ya kile umetumwa, unakamata, unapaa. Zile barabara, zile kambi za njiani, yule mnyama mkubwa ulikuwa unamzunguka kwa woga, zote zikakuwa picha chini ya miguu.

Na wenyewe walijua, hao watengenezaji. Nyongeza ya Draenor ilitoka 2014 bila kuruka, 2015 wakasema hakutakuwa na kuruka kabisa, watu wakalia wiki chache wakarudisha. Lakini wakaweka masharti, lazima kwanza umalize kuzunguka Draenor yote, ufungue hazina 100, umalize stori zake. Yaani tembea kwanza ndio uruke. Hiyo ndio suluhu poa nimewahi kuona, na watu walitukana.

Mzee_wa_Azeroth
Walitukana kwa sababu ni unyanyasaji. Mimi nalipa dola 15 kwa mwezi halafu unaniambia nitembee? Mwenye kupenda kutembea atembee, nani kamkataza?

Msafiri_Nai
Haiendi hivyo. Kama kuruka kuko, ramani inajengwa kwa mtu anaruka. Vitu vinawekwa mbalimbali, mlima unakuwa ukuta tu wa kufunika nyuma. Ukitembea kwa miguu ndani ya ramani ya kuruka unaona penye watengenezaji walizembea.

Dada_Pikseli
Na hapo ndipo Path of Fire ya GW2, 2017, ilipowapiga bao wote. Badala ya kukupa mnyama mmoja anayefanya kila kitu, wanakupa wanyama tofauti na kila mmoja anafungua aina yake ya ardhi. Raptor anaruka korongo pana. Springer, lile lisungura kubwa, linaruka kwenda juu, kwahiyo majabali yaliyokuwa ukuta yanageuka ngazi. Skimmer amefanana na samaki taa, anaelea juu ya maji na juu ya mchanga unaodidimiza. Jackal anapita kwenye milango ya mchanga. Unapita bonde unaliona lile pango juu, huwezi kulifika, wiki ijayo unarudi na springer. Jangwa lote la Crystal Desert limejengwa hivyo. Unaanza kuangalia mwamba unajiuliza huu ni wa mnyama gani.

Msafiri_Nai
Hapo nakubali. Lakini usimwambie kuhusu ile ramani ya Tangled Depths, atakimbia.

Dada_Pikseli
Haha hiyo ni ya Heart of Thorns, 2015. Msitu wenye matabaka, mapango chini ya mizizi chini ya mapango. Ramani ya kwenye skrini ni bapa, inakuonyesha mita chache tu kufika kumbe unachokitafuta kiko sakafu tatu chini yako. Watu wanaichukia. Mimi ndio ramani yangu.

Mzururaji_Pori
Wakuu nashukuru sana. Nilikuwa sijasema, natumia laptopu, RAM 8, mambo ya GPU sina uhakika, ina stika ya bluu. Intaneti ni hotspoti ya simu. Bajeti kama laki moja.

Fundi_Mwenge
Stika ya bluu 😂😂. Mkuu bonyeza kulia kwenye batani ya Windows, fungua Device Manager, angalia Display adapters, andika hapa unachokiona. ESO inakaribia GB 100 kuishusha, na kila wakitoa apudeti kubwa unaongeza. Kwa hotspoti laki yako yote itaishia kwenye bando kabla hujaiona hata milango ya mji. GW2 ina nafuu moja, unaanza kucheza kabla haijamaliza kushuka, inavuta ramani kadri unavyokwenda.

Nyuki_Tabora
Kuhusu stika, naomba niongee maana bado nina uchungu. Nilitaka ESO kwa sababu ya Vvardenfell, kile kisiwa cha nyongeza ya 2017. Nilikuwa nimeona picha: uyoga mkubwa kuliko ghorofa, wachawi wanaishi ndani yake, na katikati ya kisiwa volkano, Red Mountain, kila ulipo ukigeuka unaiona. Nikadunduliza, nikaenda duka fulani mjini, jina naliacha, wanauza laptopu zilizotumika toka Ulaya. Nikamwambia jamaa nataka ya gemu. Akanitolea moja nzito, ina stika ya kadi ya grafiksi kali kabisa, akaiwasha akacheza video ya gemu, video jamani sio gemu, akasema hii inapiga kila kitu. Nikalipa. Bando la usiku siku kadhaa mpaka ESO ikamaliza kushuka. Nikatengeneza mhusika, nikafika Vvardenfell, inakwenda kama picha za slaidi. Nikashusha seti zote mpaka chini, na ile ya umbali wa kuona nayo nikaishusha ndio ikaanza kutembea. Ila sasa volkano haipo. Ukungu. Miti inatokea mbele ya pua yako, uyoga unatokea ukiwa umeshaufikia. Nimesafiri kwenda kuangalia mlima ninaangalia ukungu mweupe. Rafiki akaja kufungua Device Manager hiyohiyo anayoisema Fundi, hakuna kadi yoyote mle ndani, stika ilibandikwa tu. Nikarudi dukani, yule jamaa akaniambia "wewe ulinunua ukaijaribu hapahapa". Meneja akaniambia nije Jumatatu. Jumatatu akaniambia stika ni pambo wala haimo kwenye risiti. Mpaka leo sijarudishiwa hata mia. Kwahiyo mtoa mada acha kwanza magemu, jua una nini ndani.

KibokoMweupe
Pole mkuu. Ungeenda na mtu anayejua. Sasa hiyo laptopu unaiuza? Nahitaji ya ofisi tu.

Nyuki_Tabora
Njoo inbox.

simu_tu_yatosha
Mnamsumbua bure jamaa. Genshin Impact, bure, ipo kwenye simu, toka 2020. Unapanda mlima wowote unaouona, ukifika juu unafungua mabawa unateleza mpaka upande wa pili. Liyue ile milima ya mawe imesimama kwenye mawingu, sijaona kitu kama kile kwenye PC. Dragonspine kuna theluji, ukikaa mbali na moto baridi inakumaliza. Mandhari inayokuua hiyo, sio ya kuangalia tu.

Mzee_wa_Azeroth
Sio gemu ya mtandaoni hiyo, wachezaji wanne tu ndani ya dunia moja.

simu_tu_yatosha
Kwani anataka watu? Kasema anataka mito.

Bwana_Muscat
Mandhari bila watu ni upweke jamani. LOTRO ukiingia Bree pale Prancing Pony unakuta watu wanapiga vyombo, gemu inaruhusu upige noti zenyewe, kuna bendi nzima. Nimewahi kuacha misheni nikakaa nawasikiliza mpaka usiku wa manane.

Msafiri_Nai
Tukirudi ESO kidogo maana mnaizika. Toka ile apudeti ya One Tamriel ya 2016 unaenda popote siku ya kwanza, hakuna levo ya kukuzuia. Unaamka unaamua leo ni theluji ya Eastmarch, kesho jangwa la Alik'r. Na hakuna kuruka. Skyshards, vile vipande vinavyong'aa vya kuokota, ziko kila pembe, ukiokota tatu unapata pointi ya ujuzi, kwa hivyo kupotea kunalipa. Kitu moja inaudhi ni farasi, unamfundisha mara moja kwa siku, mwanzoni anatembea kama amekula ugali mwingi. Kwa hiyo laptop lakini hapana.

Mzururaji_Pori
Wakuu nimeangalia, imeandika Intel HD na namba mbele. Sasa kwa akaunti ya bure ya GW2 naweza kwenda kote? Na yule ndege wa kuruka niliyemuona kwenye trela?

Fundi_Mwenge
Intel HD, basi ESO futa. LOTRO itakubali, GW2 itakubali ukishusha seti, ila kwenye matukio ya watu wengi itakohoa.

Dada_Pikseli
Bure unapata ramani zote za gemu ya msingi, ni nyingi mno, utazunguka miezi. Jangwa na wanyama ndio wa kununua. Na yule uliyemuona ni griffon, hapewi mtu hivihivi. Umalize stori ya Path of Fire kwanza, halafu kuna msururu wa kutafuta mayai na vitu vingine, na gharama yake yote ni dhahabu 250.

Mzee_wa_Azeroth
Aaa kumbe na nyie mnaruka!

Dada_Pikseli
Anateleza, haruki. Anahitaji urefu wa kuanzia, lazima upande mlima kwanza.

Mzee_wa_Azeroth
Mabawa anayo, angani yuko, ila haruki. Sawa mama.

KibokoMweupe
Dhahabu 250 inachukua muda gani kwa mtu wa kawaida? Na malipo ya hiyo nyongeza M-Pesa inakubali?

Msafiri_Nai
M-Pesa straight hapana, tengeneza ile kadi ya Visa ya ndani ya M-Pesa, hiyo inapita. Dhahabu inategemea. Ukizurura unachimba mawe na kukata miti njiani, mbao na madini yanauzika sokoni.

Dada_Pikseli
Ila akaunti ya bure sokoni ina vizuizi, vitu vingine huwezi kuuza mpaka ununue nyongeza. Weka kwenye stoo, usitupe. Mbao hasa, usitupe mbao.