Tupeane uzoefu: tulivyozikwamua nyumba za wanyonge zilizoishia kwenye lenta

Mama wa Chanika: Jana nilipita kwa jirani yangu mjane anayelala na wanawe katika chumba kimoja kilichoezekwa, ilhali vingine viwili vimesimama kwenye lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, tangu mumewe alipofariki. Waliowahi kuikwamua nyumba ya namna hiyo, mlianzia wapi?

Mkazi wa Mbagala: Umenikumbusha mbali, dada yangu. Kikundi chetu cha kufa na kuzikana kilichanga mabati na mbao kwa ajili ya bibi mmoja anayelea wajukuu wanne, tukiamini kwamba iliyobaki ni kazi ya kupaua tu, kwa kuwa fundi wa awali alikwisha kumwaga lenta na kulipwa fedha zake zote. Asubuhi hiyo kijana wetu alipanda ukutani, akakanyaga juu ya dirisha la sebuleni, na kipande chenye urefu wa mkono kikamomonyoka kikaanguka ndani. Tulipokiokota, tulikuta nondo moja nyembamba isiyo na ringi hata moja, yaani vile vyuma vya kuzifunga nondo pamoja, na zege likapukutika viganjani mwetu. Bibi alikuwa chini ya mwembe akitumiminia chai. Aliliweka birika chini, akanyamaza. Tulivunja lenta nzima, tukauza mabati 10 tununue nondo za milimita 12 na saruji, kisha wajukuu wakaimwagilia lenta mpya asubuhi na jioni kwa siku saba.

Mwana Kigamboni: Hayo hayo yalitukuta sisi.

Fundi Mwashi: Naomba msitulaumu mafundi wote. Mwenye nyumba analeta mifuko mitano ya saruji mahali panapohitaji kumi, anataka kazi iishe leo, fundi afanyeje?

Mkazi wa Mbagala: Aikatae kazi, fundi. Chini ya lenta ile wangelala watoto.

Fundi Mwashi: Na wangu siku hiyo wale nini?

Mwalimu Mstaafu: Ndugu zangu, turudi kwa mjane. Msimkabidhi mtu fedha taslimu. Nunueni vifaa wenyewe, mvihifadhi kwake.

Mwana Kigamboni: Mwalimu, shikamoo, lakini hapo sikubaliani nawe, kwa sababu saruji yetu iliganda stoo tukisubiri mbao. Nunueni kinachotumika wiki hiyo tu.

Bibi Shamba: Ezekeni chumba cha pili kabla ya masika, mengine yatafuata.

Fundi Mwashi: Hapana, mama. Kagueni kwanza msingi na lenta, kwani ukuta ulionyeshewa miaka mingi haubebi paa kwa kuombewa. Mama wa Chanika, Jumamosi nitakuja na timazi na pima maji yangu nione kama ukuta umenyooka, wala sitaki malipo.

Mama wa Chanika: Karibu sana, fundi. Na yule bibi, je?

Mkazi wa Mbagala: Amehamia. Yale mabati 10 hatujaweza kuyarudisha, kwa hiyo upande wa jikoni bado umefunikwa turubai.

Fundi Mwashi: Ninayo mabati matatu yaliyobaki kazini, unene wa geji 30. Nielekeze nyumba ilipo.