Kesi ya ngedere kwa nyani? Nani aongoze kikosi cha usuluhishi wa ardhi ya Waogiek

Mleta mada:
Wakuu, salamu. Naileta mada hii nikijua ina moto, kwa hiyo tujadiliane kwa hoja.

Kwa ambao hawakufuatilia: tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za Waogiek, jamii ya wawindaji na warina asali, ilipowatimua msitu wa Mau, kwenye Bonde la Ufa. Serikali ilijitetea kwamba inalinda chanzo cha maji. Mahakama haikuikubali hoja hiyo. Ikasema Waogiek sio walioumaliza Mau. Tarehe 23 Juni 2022 ikaja hukumu ya fidia: shilingi 57,850,000 za Kenya kwa hasara ya mali, 100,000,000 kwa madhara waliyotendewa, na ardhi yao ipimwe, iwekewe mipaka na itolewe hatimiliki ya jamii ndani ya miaka miwili. Kilichofuata mnakijua. Novemba 2023 nyumba za Waogiek huko Sasimwani, Narok, zilikuwa zinabomolewa.

Kuna kipengele kimoja cha hukumu ya 2022 ambacho hakizungumzwi sana, na ndicho kilichonileta hapa. Pale ambapo sehemu ya ardhi hiyo imekodishwa kwa watu wengine, serikali iliamriwa ianzishe mazungumzo kati yao na Waogiek. Wakielewana, waendelee kwa kulipa kodi au kugawana mapato. Wasipoelewana, serikali iwafidie hao wengine na ardhi irudi kwa Waogiek. Hiyo ni kazi ya usuluhishi, na usuluhishi unahitaji kikosi chenye kiongozi. Awe nani?

Msimamo wangu: awe ofisa wa serikali, tena mwenye cheo. Profesa au askofu mstaafu ataheshimiwa na kila mtu, lakini hana ubavu wa kumwambia mkuu wa misitu, "Kesho saa tatu nataka ramani zako mezani." Nina masharti mawili. Kwanza, asitoke wizara inayosimamia misitu wala ile ya ardhi. Pili, barua yake ya uteuzi isimruhusu hata kidogo kufungua upya swali la kama ardhi ni ya Waogiek. Hilo lilishajibiwa. Yeye anasuluhisha namna tu: mpaka upite wapi, mwekezaji alipe nini, na nani atie sahihi.

Nawasilisha.

Jembe la Molo:
Huku ni kumpelekea nyani kesi ya ngedere. Aliyebomoa ni serikali, aliyekata msitu akagawa ni serikali, na sasa msuluhishi naye awe serikali? Hata umtoe wizara gani, mshahara wake unatoka mfuko uleule.

Wakili wa Pembeni:
Jembe, hoja yako ina uzito, ila tuangalie sheria kwanza. Ibara ya 67 ya Katiba ya 2010 inaipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi mbili ambazo watu huzichanganya: kuchunguza dhuluma za kihistoria za ardhi, na kuhimiza migogoro ya ardhi itatuliwe kwa njia za jadi. Ya kwanza inakufanya mpelelezi, ya pili inakufanya mpatanishi. Ofisi moja haivai kofia zote mbili bila moja kuanguka. Mtu aliyekuhoji jana akitafuta kosa lako, leo utamfungulia moyo wako?

New Zealand walizitenganisha. Mahakama ya Waitangi iliyoundwa mwaka 1975 (na tangu 1985 inaweza kupokea madai ya Wamaori, wenyeji wa huko, ya nyuma hadi 1840) inachunguza na kupendekeza. Majadiliano ya malipo hufanywa na serikali yenyewe, ikikaa waziwazi kama mdaiwa, bila kujifanya refa. Australia walianza kwa kuiachia baraza maalumu la ardhi za wenyeji kazi ya upatanishi, na mwaka 2012 wakaihamishia kazi hiyo Mahakama ya Shirikisho.

Kwa hiyo, mleta mada, sikatai awepo ofisa mwenye cheo. Nakataa kumwita msuluhishi. Huyo ni mjumbe wa mdaiwa, akae upande wake wa meza. Msuluhishi atoke mahakamani. Ibara ya 159 inaruhusu mahakama kuhimiza usuluhishi.

Mimi wa Ekari Tano:
Jameni, na sisi je? Mnazungumza kana kwamba Mau Mashariki kuna Waogiek na serikali peke yao. Baba yangu alipewa ekari tano na serikali hiyohiyo, akapewa na karatasi. Amezikwa hapo. Mimi nalima viazi na watoto wangu wanasoma hapo. Hukumu mnayoisifu inazungumzia waliokodishiwa, lakini mimi sikukodi, nina hatimiliki. Kwenye hicho kikosi chenu kiti changu kiko wapi? Na mkiniambia niende Arusha nitawauliza nauli.

Jembe la Molo:
Ekari Tano, pole, lakini karatasi yako ndiyo ushahidi wenyewe wa kwamba serikali haifai kusuluhisha. Iliuza mbuzi wa mtu.

Mimi wa Ekari Tano:
Basi adaiwe aliyeuza, sio mimi niliyenunua.

Mpima Mstaafu:
Nimekaa kimya nikiwasoma. Mabishano ya nani aongoze ni matamu, ila nyote mnadhani kazi inafanyika mezani. Mimi nimeburura mnyororo wa kupimia na baadaye GPS, na niwaambie, kazi hii inafanyika kwa miguu.

Ardhi ya Waogiek haikupangwa kwa viwanja. Kila ukoo una ukanda wake mrefu, unaoanza chini kwenye miti ya kawaida na kupanda hadi kwenye mianzi. Sababu yake ni nyuki. Maua hayachanui kwa wakati mmoja chini na juu, kwa hiyo ukoo wenye ukanda wa kupanda hupata asali misimu tofauti. Mpaka ni kijito au mgongo wa kilima, na ndani yake kuna mizinga ya magogo iliyotundikwa mitini, ambayo mwenyewe anaijua mmoja mmoja. Mpe mzee ramani ya mashamba ya serikali umwonyeshe kijisanduku cha mraba, ataitazama kwa adabu na kukurudishia. Mpeleke kijitoni, atakuambia hapa ni kwa akina fulani, kuvuka pale ni kwa wajomba zetu, na ugomvi wa mzinga ule uliisha kwa kulipana asali.

Sasa niambieni, kiongozi wa kikosi atasuluhisha nini kabla hatua hiyo haijafanyika? Nimehudhuria baraza moja la mpaka, sitataja ofisi, ambako maofisa walishuka garini na muhtasari uliochapishwa tayari, kasoro sahihi. Wazee walizungumza tangu asubuhi. Karani hakuongeza hata mstari.

Kwangu mimi swali la kwanza la kumuuliza kiongozi huyo, awe wa mahakama au wa wizara, ni hili: una bajeti ya wapima wangapi, na nani anashika kalamu ya muhtasari? Kalamu wapewe watu wawili, mmoja wa kila upande, na kisichosainiwa na wote wawili hakipo.

Mtanganyika:
Majirani, nasoma nikitikisa kichwa. Huku kwetu tangu marekebisho ya sheria ya 2021 mabaraza ya kata hayaamui tena kesi za ardhi, yanasuluhisha tu, na yasipofanikiwa unakwenda baraza la wilaya. Kwa shamba la jirani na jirani inafaa. Ila kwa Loliondo, ambako mwaka 2022 kilomita za mraba 1,500 za malisho ya Wamasai ziliwekewa alama za hifadhi, ungemwita nani kwenye baraza la kata, simba? Ngorongoro nako, kwenye mgogoro wa Wamasai na serikali, mwaka 2025 Rais aliunda tume mbili. Tume inasikiliza na kuandika ripoti, haisuluhishi. Wakili amesema vizuri kuhusu kofia.

Mleta mada:
Nimewasoma wote. Wakili, wazo la msuluhishi kutoka mahakamani nalielewa, lakini hukumu iliyopo tayari ni ya mahakama, tena ya bara zima, na haijatekelezwa. Kinachokosekana si mtu asiyeegemea upande. Jopokazi la kutekeleza hukumu liliundwa mwaka huohuo wa 2017, na malalamiko ya Waogiek hayakuwa tu kwamba lina upendeleo. Walisema hawana mwakilishi ndani yake. Waendorois, wafugaji waliotimuliwa Ziwa Bogoria, nao wana uamuzi wa Tume ya Afrika uliotangazwa mwaka 2010, na hadi leo wanabisha hodi. Nataka mtu ambaye Shirika la Huduma za Misitu likikataa kuja, anaweza kulileta.

Na hapa Katiba yenyewe inambana: ibara ya 62 inasema misitu ya serikali ni ardhi ya umma, ibara ya 63 inasema ardhi za mababu za jamii za wawindaji ni ardhi ya jamii. Mau iko kwenye zote mbili. Jaji atatafsiri. Msuluhishi wa mahakama atapatanisha. Lakini kufuta tangazo la msitu kwenye gazeti la serikali ni kazi ya serikali, hata mkimchukia huyo atakayetia sahihi.

Ekari Tano, kiti unacho. Sharti langu la pili halikugusi: haki ya Waogiek haijadiliwi, lakini fidia yako, muda wako na kaburi la mzee ni mambo ya mezani kabisa, na deni lako liko kwa serikali. Ndiyo maana nataka anayedaiwa awe chumbani akiwa na kitabu cha hundi.

Mpima, hoja ya kalamu mbili naichukua nzima.

Jembe la Molo:
Kitabu cha hundi atakuja nacho. Atakayekijaza ndiye simwoni.

Wakili wa Pembeni:
Basi tukubaliane hivi, mkuu: ofisa wako aje na hundi, jaji wangu akae katikati, na siku ofisa asipotokea, jaji awe na amri ya kufunga mazungumzo na kutekeleza kile cha mwisho kilichoandikwa kwenye hukumu, yaani ardhi irudi. Ukikubali hilo la mwisho, nakubali cheo chako.

Mleta mada:
Hilo la mwisho nalikubali. Jaji katikati, bado.